Windhoek: Mahame Si Pori

Tarehe 23 Novemba 2022 winchi iliegeshwa mbele ya ofisi za jiji la Windhoek, mji mkuu wa Namibia, kwenye barabara ya Independence, mikanda ikapitishwa mwilini mwa sanamu ya shaba, na Curt von François, kapteni wa jeshi la wakoloni wa Kijerumani, akanyanyuliwa kutoka mahali alipokuwa amesimama kwa miaka 57. Waliokuwapo walishangilia. Sanamu ikapelekwa kuhifadhiwa chini ya uangalizi wa makumbusho ya jiji, na safari iliyoanza kwa ombi la wananchi la mwaka 2020 ikaonekana imefika mwisho. Maneno lakini hayajaisha. Upande mmoja unasema haki imetendeka, kwa kuwa aliyekuwa juu ya jiwe lile alikuwa muuaji. Upande wa pili unasema historia ya mji imefutwa ili kuwaridhisha vijana wenye hasira. Na ile nafasi iliyobaki tupu inaendelea kuuliza swali ambalo pande zote mbili, ajabu ni hiyo, zinalipokea kama lilivyo: kama si yeye, mwanzilishi wa Windhoek ni nani?

Nadhani swali lenyewe ndilo lililokosewa. Kwa miaka mingi amejadiliwa mtu: alikuwa mkatili au hakuwa, alijenga au alibomoa, ahukumiwe kwa vipimo vya leo au vya enzi zake. Neno lililompandisha pale juu halijaguswa. Von François hakuwekewa sanamu kwa sababu alikuwa mwema, wala waliomweka hawakujisumbua kudai hivyo. Aliwekewa kwa sababu aliitwa mwanzilishi wa mji, na neno mwanzilishi, likishasimikwa mbele ya ofisi za jiji, hufanya kazi ya hati ya kiwanja. Linasema mji ulianza siku fulani kwa mkono wa fulani, na kwa hiyo kabla ya siku hiyo hapakuwa na mji wala wenye mji. Sanamu ya shujaa unaweza kubishana nayo kwa kuhesabu matendo yake. Hii nyingine haibishaniwi kwa matendo. Hata ungempandisha pale walii ambaye hakuwahi kumpiga mtu kofi, dai lingebaki lilelile: hapa palikuwa pori mpaka alipofika. Ndiyo maana naona jiji lilifanya sawa kumteremsha kapteni yule, na ndiyo maana vilevile naona kumtafuta wa kukalia nafasi yake ni kuikubali hati na kubadilisha jina tu.

Tuanze na mahali penyewe. Windhoek ina majina mawili ya kale kuliko hilo tulilolizoea. Wazungumzaji wa Khoekhoe, yaani Wanama na Wadamara, wanapaita /Ai//Gams, maji ya moto. Kwa Kiherero ni Otjomuise, mahali pa mvuke. Majina yote mawili yanataja chemchemi za moto zilizokuwa zikitoka ardhini upande wa Klein Windhoek, na hakuna hata moja linalomtaja mtu. Mnamo mwaka 1840 Jonker Afrikaner, kiongozi wa Waorlam ambao asili yao ni upande wa Rasi, huko Afrika Kusini, alihamia hapo na watu wake. Walikaa kama watu waliokusudia kukaa. Walijenga kanisa la mawe la kuingia watu 500, wakapasua njia ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kupitia milima ya Auas, wakalima bustani kwa maji ya chemchemi. Mwaka 1842 wakafika wamisionari wa Kijerumani, Carl Hugo Hahn na Franz Heinrich Kleinschmidt, na walifika kwa watu, wakapokewa kama wageni wanavyopokewa. Jina lenyewe la Windhoek, katika maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana, limo ndani ya barua ambayo Jonker alimwandikia mmisionari Joseph Tindall tarehe 12 Agosti 1844. Yaani mji ulikuwa na jina, tena kwenye karatasi, miaka 46 kabla ya huyo anayeitwa mwanzilishi wake kuweka jiwe la kwanza.

Kisha mji ukafa, na hapa watetezi wa sanamu wana haki ya kusikilizwa. Vita vya muda mrefu kati ya Wanama na Waherero viliwatawanya watu. Jonker mwenyewe alihamia Okahandja na kufia huko mwaka 1861. Hahn alipopita tena mwaka 1873 alisikitika kwamba hakikubaki kitu cha neema ya zamani. Mwaka 1885 akaja mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Hans Schinz, na alichokikuta ni mbweha, kanga waliokonda kwa njaa, na miti ya matunda iliyotelekezwa. Miaka minne baadaye von François akateremka Walvis Bay na askari 21 waliojifanya wasafiri wa utafiti. Ilibidi wajifiche hivyo, kwa sababu kamishna wa Kijerumani aliyemtangulia, Heinrich Göring, baba wa yule Hermann Göring wa baadaye, kigogo wa Wanazi, alikuwa ameshalazimika kukimbia Waherero walipomgeuka. Kapteni alitafuta mahali pa kujichimbia, na akapachagua Windhoek kwa hesabu za kijeshi: katikati ya Wanama na Waherero, mahali ambapo kwa wakati ule hakuna upande uliokuwa umepashika. Tarehe 18 Oktoba 1890 akaweka jiwe la msingi la ngome inayoitwa Alte Feste. Tarehe hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa siku ya kuzaliwa kwa mji.

Hebu tubaki kidogo kwenye miti ile ya Schinz, maana ushuhuda wake ndio unaotumiwa kuonyesha kwamba kapteni alikuta utupu. Niliwahi kukaa pembeni katika kikao cha ugomvi wa shamba, pande zote mbili zimekuja na makaratasi. Mzee aliyekuwa akisuluhisha aliyasogeza makaratasi kando akauliza, "Mwembe ule wa mpakani kaupanda nani?" Kikao kizima kilinyamaza, kwa kuwa kila mtu alilijua jibu. Mbweha huja wenyewe, na kanga vivyo hivyo. Mti wa matunda kwenye nchi kame ile una aliyeupanda na aliyeumwagilia, na anayeandika kwamba umetelekezwa ameshakiri, bila kukusudia, kwamba kulikuwa na aliyeutunza. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ya kuwa na neno mahususi kwa mahali kama hapo. Ni mahame. Neno hilo limebeba ndani yake watu waliohama, na hakuna mtu wa kijijini anayelichanganya na pori: pori halina mwenyewe, mahame yana mwenyewe ambaye hayupo, na mara nyingi kila mtu anajua kwa nini hayupo. Von François aliingia mahame. Sanamu yake ikaandika pori.

Lakini kapteni hakujisimamishia sanamu. Alifariki mwaka 1931, na sanamu ilizinduliwa tarehe 18 Oktoba 1965, miaka 75 kamili baada ya jiwe la ngome, siku ileile ambayo serikali ya Afrika Kusini iliipa Windhoek hadhi ya jiji. Mchongaji, Hennie Potgieter, alikuwa raia wa Afrika Kusini. Sasa Makaburu wamuenzi ofisa wa Kijerumani kwa sababu gani, tena miaka 50 baada ya majeshi yao kuwanyang'anya Wajerumani nchi hiyo mwaka 1915? Tazama kilichokuwa kikiendelea. Tangu mwaka 1960 Ethiopia na Liberia zilikuwa zimeishtaki Afrika Kusini katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, kwa namna ilivyokuwa ikiitawala nchi iliyokabidhiwa kwa udhamini na Shirikisho la Mataifa. Hukumu ilikuwa bado. Ndani ya Windhoek penyewe wakazi weusi wa mtaa wa Old Location walikuwa wakihamishwa kwa nguvu. Tarehe 10 Desemba 1959 polisi waliwafyatulia risasi waliopinga, wakafa watu 11. Waliohamishwa walipelekwa kwenye kitongoji kipya ambacho wao wenyewe walikipa jina Katutura, mahali tusipotaka kukaa. Kwenye milango ya nyumba za huko kuliandikwa namba pamoja na herufi ya kabila la mkazi. Nyumba zilikuwa mali ya manispaa na mkazi alikuwa mpangaji, basi. Old Location ilifungwa kabisa mwaka 1968.

Yaweke hayo kwenye kalenda moja na uisome upya sanamu. Mwaka uleule ambao mtu mweusi wa Windhoek anaambiwa kwamba hana kiwanja mjini, mji unamzindua mweupe anayedaiwa kuuanzisha. Mwaka uleule ambao mawakili wa Pretoria wanabishana The Hague juu ya nani ana kauli kuhusu nchi ile, mbele ya ofisi za manispaa anasimama askari wa shaba anayesema kwa niaba ya Wazungu wote, Mjerumani na Kaburu pamoja, kwamba wao ndio walioanza. Hapo sanamu haisomeki tena kama kumbukumbu ya 1890. Inasomeka kama kielelezo cha kesi ya 1965. Na kesi, kwa taarifa tu, Afrika Kusini haikuishindwa: Julai 1966 mahakama iliamua kwamba Ethiopia na Liberia hazina haki ya kisheria ya kuidai. Mwezi uliofuata SWAPO, chama cha ukombozi wa Namibia, ikaanza mapambano ya silaha huko Omugulugwombashe.

Kwa hiyo hoja kwamba kuiondoa sanamu ni kufuta historia ni dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa kelele zaidi. Jibu la haraka ni kwamba sanamu haikuyeyushwa, ipo. Jibu lenye uzito ni jingine. Kama historia ni kujua kilichotokea, sanamu ile ilisimama miaka 57 bila kumfundisha mpita njia hata mmoja kwamba palikuwa na kanisa la mawe, au barua ya mwaka 1844, au bustani zilizokaukia hapo. Ilifundisha jina moja na tarehe moja, na tarehe hiyo ilikuwa kazi yake kuyafunika mengine. Ukitafuta kifutio katika mkasa huu, kilikuwa cha shaba. Na anayedhani watu wa Windhoek wana chuki na kila kilichowekwa na wakoloni akatembee kidogo kwenye barabara hiyohiyo ya Independence. Yupo tandala wa shaba, amesimama hapo tangu mwaka 1960, kuwakumbuka wanyama walioangamia kwa sotoka mwaka 1896. Aliwekwa miaka ileile, na watawala walewale. Sijasikia mtu akidai aondoke. Tandala hadai kiwanja.

Hoja ya pili ni ile ya mtu wa zama zake. Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 1893 von François aliishambulia Hornkranz, makazi ya Hendrik Witbooi, kiongozi wa Wanama, na kuua watu wapatao 80, wengi wao wanawake na watoto. Tunaambiwa ndivyo ilivyokuwa vita ya enzi zile. Lakini Witbooi naye alikuwa mtu wa zama hizohizo, na alikuwa mwandishi asiyechoka: barua na kumbukumbu zake ziliingizwa na UNESCO mwaka 2005 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, na sura yake ipo kwenye noti za Namibia. Mwaka 1890, mwaka wa ngome, alimwandikia Maharero, chifu wa Waherero na adui yake wa vitani, akimwonya kwamba kujiweka chini ya ulinzi wa Wajerumani ni kuukabidhi utawala wa nchi yake kwa mwingine. Fikra ya kwamba nchi ina wenyewe haikuletwa na watu wa leo. Ilikuwa mezani, kwa wino, kabla ya Hornkranz.

Hata hivyo, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wenzangu walioshangilia winchi, mimi siitegemei Hornkranz katika suala hili. Inatosha na kuzidi kumnyima mtu heshima. Lakini tukiifanya ndiyo sababu pekee, tumekubali kimyakimya kwamba kama asingewaua watu wale angestahili cheo chake. Tungebaki tunapekua kumbukumbu za waanzilishi mmoja mmoja, huyu kaua, huyu hakuua, na hati zao tukizigongea muhuri kulingana na tabia.

Hoja yenye nguvu ni ya tatu, na wanaoitoa mara nyingi ni watu watulivu waliosoma. Wanasema: sawa, ilikuwapo Windhoek ya Jonker, ila ilikufa. Mji huu wa leo, kwa mitaa yake na majengo yake, unaanzia kwenye ngome ya 1890 bila kukatika, na ndiyo maana baadhi ya waandishi wa historia huuita uanzishwaji wa pili. Siwezi kuikana. Hakuna mtaa wa leo unaotoka moja kwa moja kwenye bustani za Jonker. Ila hoja hii, ukiisikiliza vizuri, inakiri kwamba ni mara ya pili halafu inaomba cheo cha mara ya kwanza. Tena hata tukikubali kuubana mwanzo uwe 1890, kwa nini uwe wa mtu mmoja? Kapteni alikaa na mji wake miaka michache. Mwanzoni mwa 1894 Theodor Leutwein alikuwa ameshafika kushika nafasi yake. Mji uliinuliwa na mikono mingine, na baadhi ya mikono hiyo tunajua ililala wapi usiku: katika kambi ya wafungwa karibu na ngome ileile ya Alte Feste, wakati wa mauaji ya kimbari ya 1904 hadi 1908, ambayo kwa makadirio yanayotajwa zaidi yaliangamiza Waherero wapatao 65,000 na Wanama wapatao 10,000. Wafungwa walitumikishwa kazi za serikali na kazi za watu binafsi. Mwaka 1912, hapohapo kilimani, Wajerumani wakasimamisha sanamu ya mpanda farasi yenye kibao cha kuwakumbuka wafu wao peke yao. Nayo iliondolewa siku ya Krismasi 2013. Kama mwanzilishi ni aliyebeba mawe, waanzilishi wa Windhoek ni wengi, na majina yao hayakuandikwa popote.

Ugomvi huu hauko Namibia peke yake. Mwezi mmoja na siku chache baada ya winchi ya Windhoek, jiji la Odesa nchini Ukraine liliteremsha sanamu ya Malkia Catherine wa Pili na wenzake, iliyojulikana kwa jina la mnara wa waanzilishi wa Odesa. Ilizinduliwa mwaka 1900, Wabolsheviki wakaivunja mwaka 1920, ikarudishwa mwaka 2007. Mwanzo rasmi wa mji ni 1794, na mwanzo huo huisukuma pembeni Khadzhibey, makazi na ngome iliyokuwapo kabla. Kwa muda mrefu lilikuwa jambo la wapenzi wa historia na wapiga picha za harusi. Urusi ilipoivamia Ukraine kwa majeshi, neno mwanzilishi likageuka mara moja kuwa hoja ya nani mwenye mji. Haikuhitaji kugeuzwa sana.

Sasa Jonker. Wanaotaka asimikwe yeye wana mengi ya kusema, na nimeshawasemea sehemu kubwa: aliwahi miaka 50, alijenga, aliandika jina. Kuna na utamu wa kulipiza humo, siufichi, kumwona Mwafrika aliyefutwa akisimama pale aliposimama mfutaji. Lakini mwite mwanzilishi kisha uone kinachofuata. Jonker alitoka kusini ya mto Orange akiwa na farasi na bunduki, na chemchemi alizozikuta zilikuwa na majina. Wadamara hawakumsubiri ndipo wayaone maji. Waherero wanaikumbuka Agosti 1850, aliposhambulia Okahandja na kuua watu wengi. Ukimweka Jonker kama mtu mkubwa katika historia ya Windhoek, kwa mema na mabaya yake, yote hayo yanaweza kuandikwa chini ya miguu yake na bado akasimama. Ukimweka kama mwanzilishi, Mdamara anayepita kwenda kazini atasoma kilekile alichokisoma babu yake mwaka 1965, kwamba nchi hii ilikuwa pori mpaka walipofika hawa. Rangi ya mwenye hati itakuwa imebadilika, maandishi ya hati ni yaleyale.

Watasema mji usio na mwanzilishi ni yatima, na watu wanahitaji hadithi ya walikotoka. Nakubaliana nao kabisa, ila hadithi ya mwanzo hailazimiki kufuta. Mapokeo ya Kilwa yanaeleza kwamba Ali bin Hassan, anayesemwa alitoka Shirazi, alipofika na jahazi lake kisiwa kilikuwa na mwenyewe, naye akakinunua kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Wanahistoria wana mashaka makubwa na habari za Ushirazi, na huenda kitambaa kile hakikuwahi kukunjuliwa. Kinachonivuta ni umbo la hadithi. Ilisimuliwa kwa faida ya ukoo uliotawala, na bado haikuthubutu kusema kisiwa kilikuwa kitupu. Ilibidi imtaje aliyekuwapo, itaje na bei, iseme pia kwamba aliondoka akavuka bara. Hati ya namna hiyo mjukuu wa muuzaji anaweza kuisoma na kubisha: babu alipunjwa, nguo zilikuwa chache, hakujua anachouza. Ana pa kushikia. Kwenye sanamu ya Windhoek hapakuwa na pa kushikia, kwa kuwa hapakuwa na muuzaji.

Tukilielewa suala hivyo, nafasi ile mbele ya ofisi za jiji inakuwa na maana nyingine. Sanamu za watu Windhoek inazo. Kilimani, mbele ya Makumbusho ya Uhuru yaliyofunguliwa mwaka 2014, amesimama Sam Nujoma, rais wa kwanza wa Namibia, akiwa ameinua katiba mkononi, na nyuma yake jengo lililojengwa na kampuni ya Korea Kaskazini, ambalo wenyeji kwa umbo lake wanaliita mashine ya kahawa. Nujoma yupo pale kama baba wa taifa. Unaweza kukibishia cheo hicho, wapo wanaokibishia, lakini kina tarehe inayojulikana na hakisemi kwamba kabla ya uhuru wa 1990 hapakuwa na watu. Ningekuwa diwani ningeomba nafasi ya kapteni isipewe mtu. Paandikwe /Ai//Gams na Otjomuise kwa herufi kubwa kuliko zote, chini yake iandikwe barua ya 1844, ngome ya 1890, Old Location, na siku ya winchi, na 1965 isiachwe nje, maana sanamu yenyewe nayo ni historia ya mji. Upandwe na mti mmoja wa matunda, jiji libebe mzigo wa kuumwagilia.

Wapo watakaoona nimelikuza jambo dogo la shaba na mawe. Lakini tazama linapogusa. Mwaka 2018 Namibia ilifanya mkutano wa pili wa kitaifa wa ardhi, na kati ya mambo mazito mezani yalikuwa madai ya ardhi za mababu. Madai hayo yote, ukiyavua lugha ya kisheria, yanaulizia kitu kimoja: nani alikuwapo kabla, na tuanze kuhesabu mwaka gani? Serikali ikishachonga mwaka mmoja kwenye jiwe mbele ya ofisi zake, 1890 au 1840, imeshaonyesha kalenda gani inaiamini kabla ya mdai wa kwanza kuingia mlangoni. Ujerumani nayo, katika tamko la pamoja la mwaka 2021, ilikubali kutoa euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, fedha zilizoelezwa kuwa za maendeleo na maridhiano. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama walilikataa tamko hilo wakisema hawakushirikishwa ipasavyo. Hao nao wanadai waitwe kwa jina la mtu aliyepokonywa kitu, na kitu hicho kwa sehemu kubwa ni ardhi. Huwezi kumlipa mtu fidia ya pori.

Na mji wenyewe haujamaliza kuanzishwa. Kaskazini-magharibi, ng'ambo ya Katutura, Windhoek inapanda vilima kwa vibanda vya mabati: Havana, Okahandja Park, Goreangab. Wanaofika huko wanasafisha vichaka, wanasawazisha kiwanja kwa jembe, wanapanga mawe ya kuonyesha mpaka, yaani kazi ileile ambayo ikifanywa na kapteni inaitwa uanzilishi na ikifanywa na wao inaitwa uvamizi. Mwaka 2012 Bunge la Namibia lilipitisha sheria ya umiliki wa ardhi wa ngazi kwa ngazi kwa ajili ya watu kama hao, na ngazi yake ya chini kabisa inaitwa hati ya kuanzia. Inampa mtu haki ya kukaa ndani ya eneo la pamoja, bila kiwanja chenye mipaka yake. Utekelezaji umekwenda polepole. Mwanamke anayesubiri ndoo yake ijae kwenye bomba la pamoja, katika mji ambao jina lake la kwanza ni maji, anaingoja hati hiyo. Kapteni alipewa yake mwaka 1965, ya shaba, bila kupanga foleni.